Mwombe Kinyonga Akutumie Tena

Dobi alikuwa na simu ambayo hata wezi walikuwa wameikataa. Betri imevimba hadi mfuniko wa nyuma umejifungua wenyewe, kioo kina nyufa kama kisigino cha mtu asiyevaa viatu, na ili ipate chaji ilibidi waya ukandamizwe na pasi ya baridi. Siku mtu akiichukua ile pasi kunyooshea shati, simu inazima, na Dobi anatukana.

"Mama, hicho kitu kitakulipukia," binti yake alikuwa akimwambia.

"Kinilipukie. Kina mambo yangu."

Mambo yenyewe, ukiyachambua vizuri, yalikuwa sauti moja.

Huyu mwanamke alikuwa akifua na kupiga pasi nguo za watu kwenye chumba cha mbele kinachotazama barabara. Meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, limejaa alama za kuungua, mashati yamening'inia kwenye waya, kila moja na kikaratasi cha mwenyewe. Jina lake la kuzaliwa watu walishalisahau. Hata mumewe alimwita Dobi, na akiitwa hivyo aliitika bila kuona ajabu.

Chumba cha nyuma ndicho alicholala mama mkwe wake alipopooza. Mama yule alikuwa na watoto wa kuwazaa, wote wazima, wote na miguu, lakini kila mmoja alipata sababu. Mkubwa, fundi bomba mstaafu, alisema ngazi zinamuumiza magoti. Nyumba ya Dobi haina ngazi. Dada mtu, mwenye saluni, alisema akiona mgonjwa anapandwa na presha. Mume wa Dobi hakusema kitu, maana ndiyo tabia yake, basi mgonjwa akabaki kwake. Kubaki kwake maana yake kubaki kwa mkewe. Dobi akafua shuka za yule mama asubuhi, akazifua tena mchana, akazipiga pasi ili mikunjo isimchubue mgongo. Hakuna aliyemtuma kupiga pasi shuka za mgonjwa. Alifanya tu.

Siku moja wifi yake mwenye saluni alipita kumwona mama. Alikaa muda wa kunywa maji, presha haikupanda, akaondoka. Akiwa njiani akamtumia Dobi sauti. Sauti yenyewe ina machozi, ina kupenga kamasi, na ina maneno matamu ambayo ukoo mzima ule haujawahi kuyatoa: kwamba sisi watoto wa tumbo tumekimbia, wewe wifi yangu umebaki, shuka za mama zinanukia sabuni kuliko za kwangu, sina cha kukulipa.

Mama akafa. Akazikwa. Udongo haujakauka vizuri, maneno yakaanza kutoka saluni. Yalikuja na nguo: mteja analeta gauni la kufuliwa, na gauni linakuja na habari. Eti mama alikufa na njaa. Eti alilazwa kwenye uchafu. Eti dobi anafua za watu, za mama mkwe anaziacha zinuke. Wifi yule akimsuka mtu nywele alikuwa akisema hivi, akimsuka mwingine anaongeza kidogo.

Ndipo Dobi akabadilisha jina la wifi kwenye simu. Akamwandika Kinyonga.

Naye Dobi hakuwa wa kunyamaza. Kila aliyeleta shati alipewa upande wa pili, tena kwa sauti. Ikafika mahali ukoo umegawanyika, watu wakikutana hawajui wasalimiane vipi. Kaka mkubwa akaitisha kikao cha kumaliza maneno. Akatangaza, kwa ile sauti yake ya mtu aliyezibua vyoo vya wakubwa, kwamba atakayeonekana amemsema mwenzake uongo ataomba radhi mbele ya ukoo mzima.

"Wacha waje," Dobi akamwambia mumewe, akipuliza vidole vilivyoungua. "Nitawabonyezea tu ile sauti. Sitasema neno. Nitabonyeza, nikae."

"Mimi siingii," mume akasema.

"Lini uliingia?"

Basi ni wiki hiyohiyo binti yake alipoleta simu mpya. Nyembamba, inang'aa, imo kwenye boksi kama kito. Na pamoja nayo akamleta mumewe, yaani mkwe wa Dobi, kijana wa ofisi ya bima, mvaa tai, mpole mpaka anaudhi, ahamishe mambo yote kutoka simu ya zamani kwenda mpya.

"Yote, mkwe," Dobi akasema. "Hata nukta isibaki."

"Yote yatahama, mama. Ulikuwa unaweka nakala mtandaoni?"

"Niwawekee watu maneno yangu huko? Waningoje nikifa wayasome?"

"Hapana mama, ni kwa usalama tu…"

"Hamisha."

Kijana akaziweka simu mbili kwenye meza ya pasi, akazielekezanisha, akabonyeza, na mstari mwembamba ukaanza kutembea kwenye skrini. Dobi akavuta kigoda, akakaa ubavuni kwake. Mwanzo alikuwa akitazama mstari. Halafu akaanza kuyatazama macho ya mkwe.

Sasa hapa lazima jambo lielezwe. Humo kwenye simu, ukiacha sauti ya wifi, mlikuwa na mazungumzo marefu ya Dobi na dada yake. Na katika mazungumzo hayo mkwe alikuwa ametajwa. Alitajwa sana. Ilitajwa mishahara yake, tai zake, jinsi anavyotafuna, na swali la kwa nini binti mzuri kama yule akimbilie mwanamume anayecheka bila kutoa sauti. Dobi aliyasahau yote hayo mpaka simu mpya ilipowaka na majina ya watu yakaanza kuchipuka moja moja, juu kabisa dada yake, na chini ya jina la dada mstari wa mwisho wa maneno unaonekana waziwazi: "Bora angeolewa na yule muuza magodoro."

Mkono wa Dobi haujawahi kwenda kasi vile, hata kwenye shati linaloungua. Aliinyakua simu mpya akaifunika kifuani.

"Imetosha!"

"Mama, bado! Hayo ni maandishi tu yametangulia. Picha na sauti bado zinakuja."

"Zimefika. Nimeona mwenyewe. Na ya Kinyonga imo, nimeiona."

"Inaonekana, mama, lakini sauti yenyewe ndani…"

"Mkwe. Mimi nimekuambia imefika, wewe unanibishia?"

Mtu atabishana na mwajiri, atabishana na polisi, lakini mama wa mkewe, ndani ya nyumba yake, huku pasi ina moto? Kijana akarudi nyuma hatua moja.

"Sasa hii ya zamani," Dobi akasema, "ifute. Yote. Iwe nyeupe kama siku ilipozaliwa. Sitaki mtu aiokote huko aanze kunisoma."

"Mama, tungengoja hata kesho."

"Futa nikiona."

Akafuta. Na alifuta kwa uangalifu, maana ni kijana mwangalifu. Simu ikauliza kama ana hakika, akamgeukia Dobi, Dobi akaitikia kwa kichwa kwamba ana hakika. Ikauliza tena. Hata mashine ilimwonea huruma.

Mchana wake, nyumba imetulia, Dobi akaketi na simu yake mpya ajisikilizishe kidogo, kama mtu anavyotoa pete kwenye kijaluba akaitazama na kuirudisha. Akafungua kwa Kinyonga. Sauti ipo mahali pake, tarehe yake ipo. Akabonyeza. Kimya. Akabonyeza kwa nguvu zaidi, maana kuna watu hudhani simu ni kengele ya mlango. Yakatokea maandishi, ya adabu kabisa, simu hizi zina adabu kuliko watu wa nyumbani:

"Sauti hii haipo tena kwenye simu yako. Mwombe Kinyonga akutumie tena."

Akasoma mara ya kwanza polepole, herufi kwa herufi. Mara ya pili hakuhitaji kusoma.

Binti alipopigiwa simu akampa mumewe. Mumewe akasema, "Pole, mama," na hakuongeza neno, ingawa alikuwa na haki ya kuongeza. Alipoulizwa kama haiwezi kupatikana kwa njia yoyote, hata ya kulipia, akajibu kwamba kwa upande huu imekwisha, labda aliyeituma awe nayo bado.

Dobi hakula siku hiyo. Kesho yake akampelekea mumewe chai na maneno laini. "Baba watoto, si dada yako yule? Mwambie tu anitumie tena."

"Mimi siingii."

Ikabidi aende mwenyewe. Alivaa gauni alilolipiga pasi pande zote mbili, akapita barabara ya nyuma ili wateja wake wasimwone akiingia. Saluni ilikuwa na joto na harufu ya mafuta ya nywele. Wifi alikuwa amemkalisha mteja chini ya drayeri, kichwa kimemezwa. Akamwona Dobi kwenye kioo kabla hajageuka.

"Yoo, wifi yangu! Leo umepotea njia? Karibu, karibu. Ukae wapi sasa, viti vyenyewe vina watu."

"Sikai, wifi. Nimepita tu."

"Kunisalimia?"

"Kukusalimia. Na… nimebadilisha simu."

"Hongera! Nionyeshe. Ehe, hiyo si simu, hicho ni kioo cha kujitazamia. Mkwe kanunua?"

"Binti."

"Ndiyo hivyo, mkwe."

"Katika kuhamisha kuna vitu vimepotea. Kuna sauti yako moja. Ya wakati wa mama."

"Sauti yangu?" Wifi akashika kiuno na kitana mkononi. "Mimi nimekutumia sauti nyingi. Inasema nini?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Alitaka aseme nini? Akajikuta amesimama katikati ya saluni akisema mwenyewe, kwa kinywa chake, kwamba yeye alibaki, kwamba shuka zilinukia sabuni. Kujisifu kwa maneno ya adui, tena kwa adui, huku mwanamke wa chini ya drayeri akijifanya hasikii.

"Aaa, hiyo!" Wifi akasema. "Ninayo. Mimi sifuti kitu. Unaitakia nini lakini?"

"Ukumbusho."

"Ukumbusho wa mama. Vizuri sana." Wifi akatabasamu, meno yote. "Basi usihangaike, wifi yangu. Siku ya kikao nitakuja nayo."

Dobi alirudi nyumbani hajui ameomba au ameombwa. Siku zilizobaki aliunguza kola ya shati la mwalimu, na la pili, na hakuwaambia wenyewe. Alikuwa na hakika moja tu: wifi hataileta. Atasema imepotea. Na Dobi atasimama mbele ya ukoo mikono mitupu, aitwe mwongo, aombe radhi.

Siku ya kikao ukoo ulijaa sebuleni kwa kaka mkubwa, ambaye, kwa taarifa yako, nyumba yake ndiyo yenye ngazi, na alizipanda. Akafungua kwa maneno marefu. Kabla hajamaliza, wifi akanyanyua mkono.

"Kaka, nisamehe nikukate. Nina kitu cha kuwasikilizisha."

Akaweka simu juu ya meza. Akabonyeza. Ikatoka sauti, na machozi yake, na kupenga kwake, kila neno mahali pake. Wewe wifi yangu umebaki. Shuka za mama zinanukia sabuni. Sina cha kukulipa. Shangazi mmoja akaanza kulia. Dobi akafumba macho. Jina lake lilikuwa limesafishwa, mbele ya wote, na hakuinua hata kidole.

Sauti ikaisha. Wifi akafuta jicho kwa ncha ya mtandio.

"Hayo ndiyo maneno yangu juu ya huyu mwanamke. Nilimshukuru yeye, mama akiwa bado hai, wakati nyie wote mmenyamaza. Haya. Sasa nani kati yenu amesikia kwa masikio yake nikimsema vibaya? Aseme."

Waliosikia walikuwa wateja wa saluni, na wateja wa saluni hawakualikwa.

"Lakini mimi nimesemwa," wifi akaendelea, sauti ikitetemeka pale ilipotakiwa kutetemeka. "Kila shati linalotoka kwa Dobi linatoka na jina langu. Hata nyinyi mmesikia."

Walikuwa wamesikia. Wote. Dobi alihakikisha wanasikia.

"Ni uongo!" Dobi akasimama. "Hiyo sauti ni yangu mimi! Mimi ndiye niliyeitaka!"

"Si nimekuletea, wifi?"

Shangazi aliyekuwa akilia akamtazama Dobi kama unavyomtazama mtu aliyetema chakula alichopewa. Kaka mkubwa akakohoa. Akasema ushahidi umesikika, kwamba huyu dada yetu ana moyo mweupe, na kwamba shemeji, pamoja na kazi nzuri aliyoifanya ambayo hakuna anayeikataa, ulimi wake umemponza. Akamwonyesha kwa mkono wazi pa kusimama. Dobi akamtazama mumewe. Mumewe alikuwa akitazama zulia.

"Samahani, wifi," Dobi akasema.

"Sema wasikie, shemeji," kaka mkubwa akasema.

"Samahani, wifi yangu. Nilikusema."

Watu wakapiga makofi. Wifi akaja na mikono miwili wazi, akamkumbatia, marashi na mafuta ya nywele vikamjaa Dobi puani, na mdomo ukamfika sikioni.

"Shuka zilikuwa zinanuka, wifi," ukanong'ona. "Nilikuwa nakupa moyo tu."

Dobi hakujitoa. Akamvuta karibu zaidi, akamkaza mgongo kwa ile mikono ya kukamua mablanketi, naye akamnong'oneza.

"Mama alikuwa akisikia viatu vyako mlangoni anafumba macho. Ukitoka, anayafumbua anaomba chai."

Wakashikana hivyo hivyo, hakuna aliyekubali kuwa wa kwanza kuachia, na shangazi akazidi kulia, akisema hajawahi kuona mawifi wanaopendana namna ile.