Aletwe Aonekane

Shule anayosoma mpwa wangu hapa Kasulu ina sheria ambayo sijawahi kuiona imeandikwa popote: mtoto akiumwa, mzazi haleti taarifa, anamleta mtoto. Aletwe aonekane. Mwalimu wa darasa amtazame kwa macho yake, ndipo atoe ruhusa, ndipo mgonjwa arudishwe kitandani au apelekwe hospitali.

Mpwa wangu ni binti mwenye selimundu, ule ugonjwa wa damu. Asubuhi za baridi, ukungu ukiwa bado umekaa juu ya migomba, maumivu humshika mapajani na mgongoni hata kuvaa soksi kukawa kazi. Mama yake, dada yangu mkubwa, hushinda sokoni Manyovu, mpakani na Burundi, akinunua mawese na vitenge. Mimi nimemaliza chuo, kazi sijapata. Kwa hiyo mwaka jana, alipokuwa darasa la nne, aliyempeleka kuonekana nilikuwa mimi. Alikaa nyuma ya baiskeli amejifunga blanketi, na kila tulipopita shimo nilimsikia akivuta pumzi. Hakulia. Afadhali angelia.

Mwalimu wake, mama mmoja aliyehamishiwa huku kutoka Tanga, alimgusa shingo, akamwuliza panauma wapi. Kisha, kila mara, alisema: "Haya, kabla hujaondoka nifanyie hesabu ile moja pale ubaoni." Mtoto alifanya huku anatetemeka. Rafiki yake wa dawati moja alimsogezea daftari. Mimi nilisimama mlangoni nikichemka.

Siku moja nikaenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu, nikamkuta katika chumba cha walimu.

"Mwalimu, hospitali wameandika kila kitu. Kwa nini aburuzwe hadi hapa kuthibitisha kwamba anaumwa?"

"Mjomba, msimu wa kupanda maharage nusu ya shule huwa inaumwa," alisema bila hasira. "Ukipita njiani unawakuta wagonjwa wako shambani, wameshika majembe."

"Kwa hiyo anayeumwa kweli aadhibiwe kwa sababu ya mwenye jembe?"

Walimu waliokuwa wakisahihisha wakaweka kalamu chini. Mmoja akacheka: "Leo tumeletewa wakili!"

Nilijua nikiwa na watu wanaonisikiliza sishindwi. Nikaongea habari za utu, za haki ya mtoto, za sheria zinazoishi kwa sababu hakuna aliyewahi kuziuliza maswali. Mwishowe mkuu akainua mikono. "Basi, mjomba. Wa kwenu akiumwa nipigie simu. Inatosha."

Jioni ile dada alinichinjia kuku. "Kumbe ada zetu hazikwenda bure," alisema, na mpwa wangu akacheka mpaka akashika mbavu.

Simu ilikuwa rahisi mno. "Mwalimu, leo anaumwa." "Sawa mjomba, apone." Ilikuwa rahisi kiasi kwamba nilianza kupiga hata siku alizokuwa anachechemea tu. "Leo naweza, mjomba," alikuwa akiniambia amekwisha kuvaa sare. Nami nikimjibu apumzike, shule haikimbii. Sasa najiuliza nilikuwa namhurumia yeye au nilikuwa nautumia ushindi wangu.

Kisha akalazwa. Alipopona nikamrudisha shuleni, tukakuta dawati lake lina mtu mwingine. Mwalimu wake alitutazama kama watu waliotoka safari.

"Nilidhani mmehamia Kibondo," alisema.

Akampa nafasi pembeni ya dawati la nyuma, akanitoa nje.

"Mjomba, darasa limejaa hadi mlangoni, unaliona. Huyu alipokuwa analetwa nilimwona, na nikimwona nakumbuka hajui kugawanya. Namkamata palepale kidogo, namwambia mwenzake amwandikie yaliyompita. Siku hizi mkuu ananiambia 'anaumwa', na mimi nasema sawa." Akafuta chaki vidoleni kwa kanga yake. "Ningeweza kuuliza. Na mimi sikuuliza."

Ile hesabu moja ubaoni. Nilikuwa nimesimama mlangoni siku zote, na nilichokiona ni kutetemeka tu.

Nikajiahidi kumfundisha mwenyewe kabla ya upimaji wa darasa la nne. Tulianza na kugawanya. Nusu ya muda nilitumia kulaumu jinsi kitabu kinavyoeleza, na yeye akanisubiri nimalize, ameshika penseli, kwa adabu. Alipofanya upimaji hakufikia kiwango. Januari rafiki yake aliingia la tano, yeye akabaki la nne, mrefu kuliko wenzake wote waliokaa mbele yake.

Dada alijilaumu yeye. "Ningekuwa siendi Manyovu," alisema, akikunja vitenge vya kuuza. Ningeweza kumwambia aliyoniambia mwalimu. Lakini chuoni tulifundishwa kwamba jambo moja kufuata jingine si ushahidi kwamba limeletwa nalo. Huenda angefeli hata kama ningempeleka kila asubuhi. Ni kweli, na hiyo kweli nimeitumia kunyamaza tangu hapo.

Juzi mvua ikinyesha alikuja jirani yetu anayeuza maandazi. Mwanawe aliyekuja naye ana pumu, kifua kilikuwa kinalia mpaka tukakisikia kutoka mlangoni.

"Kaka, na mimi nisemee kwa mkuu. Nimechoka kumbeba huyu aende kuonekana."

Dada akajaa fahari. "Huyu? Akisimama pale, mkuu mwenyewe anatafuta kiti."

"Mpeleke tu, mama," nilisema.

"Nimpeleke wapi?"

"Shuleni. Siku atakayoweza. Mwalimu wake amwone. Nitampakia mimi kwenye baiskeli."

Jirani alinitazama, halafu akamtazama mpwa wangu aliyekuwa mezani akiandika mambo ya la nne aliyoyaandika mwaka jana. "Wa kwenu mlimwonea huruma. Wa kwangu akaonekane, na baridi hii?"

"Si hivyo."

"Ni vipi, basi?"

Kalamu ya mpwa wangu ilikuwa imesimama. Jibu nililokuwa nalo lingemfikia yeye kabla ya jirani, na mama yake pia. Dada akaniuliza kwa Kiha nimeingiwa na nini leo, halafu akamgeukia mgeni, akatabasamu kunisitiri aibu.

"Mwache, ana mawazo ya kazi. Mpigie mkuu wewe mwenyewe. Namba ninayo."

Akaanza kuisoma kwenye simu yake, tarakimu moja moja, kwa sauti ya kushinda mvua, na jirani akazibonyeza. Alipofika mwisho akairudia ili wasikosee. Mimi ninayebishana na kila mtu nilikuwa nimekaa hapo hapo katikati yao.