Testa ya Evstati na Jua la Balkoni

"Testa yako takataka," Dafina alisema. Alikuwa amekaa juu ya kreti la pilipili hoho pale balkoni kwake, anajikanda mkono wa kulia. "Jana umekuja, umegusagusa, ukaniambia mama, choma hoho zako kwa raha. Leo jiko lako limenirusha mpaka huku."

"Jiko ni lako, si langu," Evstati akajibu. "Na testa haina ubaya. Hii nimetoka nayo mgodini. Ina umri mkubwa kuliko mkweo."

"Hata mkwe wangu hafanyi kazi. Kama hiyo testa yako."

Mimi nilikuwa mlangoni na kreti jingine begani. Lifti ya jengo letu imekufa, na Dafina ni mjane, anakaa ghorofa ya tatu, kwa hiyo kila mwaka namsaidia kupandisha hoho, naye ananipa chupa mbili za rojo lake la hoho. Mwezi wa tisa, msimu wa hoho, hapa mjini Pernik hakuna balkoni isiyofuka moshi. Kila nyumba ina chushkopek, lile jiko la umeme la duara lenye shimo katikati kama kinu kidogo. Unatumbukiza hoho, unafunika, unasubiri kidogo, ganda linababuka lenyewe. Nje ni bati tupu. Na majengo haya ya zege yalifungwa waya mbili tu, waya wa ardhi hakuna. Koili ikigusa bati, hakuna breka itakayojikata. Jiko linakaa palepale linakusubiri.

Ndiyo maana kabla ya hoho watu humwita Evstati.

Evstati alikuwa fundi umeme mgodini. Mgodi ulipofungwa akawa fundi wa jengo letu zima. Kila siku ana shati la mikono mirefu, na mfukoni mwa kifua imechomekwa testa, ile bisibisi nyembamba yenye mpini wa plastiki na kijitaa ndani kinachowaka ncha ikigusa umeme. Atafungulia skrubu, atachokonolea uchafu kwenye soketi, siku moja nilimwona anakorogea kahawa. Ukimwambia soketi imekufa, anaingiza testa tundu hili, halafu lile. Likiwaka moja, moto umefika, basi anakuambia kwanza kaangalie hicho chombo chako. Yasipowaka yote, moto umekatikia njiani. Yakiwaka yote mawili, anaacha utani, anakuambia usiguse kitu, waya wa kurudisha umeme umeachia mahali. Na hatakubali kwamba kitu kimekufa mpaka kwanza aijaribu testa kwenye soketi anayojua ni nzima, asije akadanganywa na kijitaa kilichoungua.

Mwaka huu alikuwa ameongeza tabia moja. Akishaweka kidole gumba kwenye kichwa cha testa, anakugeukia: "Haya, unaona nini?" Unamwambia inawaka. "Vizuri," anasema, anaendelea. Tukawa tunasema mzee sasa amekuwa mwalimu. Watoto wa jengo walikuwa wanamwigiza kwenye ngazi, kalamu mkononi, haya, unaona nini.

"Basi chomeka," Dafina akamwambia. "Nione mwenyewe."

Evstati akachomeka. Jua la asubuhi lilikuwa limeipiga balkoni yote. Akagusa bati kwa ncha, gumba juu, akainama.

"Hamna kitu."

"Mkono wangu una kitu."

"Umeshika na mikono yenye maji, mama."

"Nimechoma hoho na mikono yenye maji tangu nimeolewa. Hakuna jiko lililowahi kunitupa."

Nikatua kreti. "Mzee, na jua hili hata taa ya gari huioni," nikasema. Nikavua jaketi, nikalishika juu ya jiko na mkono wake kama hema, nikaingiza kichwa. Kijitaa kilikuwa kinawaka, rangi ya chungwa, wala si kwa kufifia. Kinawaka kabisa.

Evstati naye kichwa chake kilikuwa ndani, sikio langu kwa sikio lake. Anaangalia palepale ninapoangalia mimi.

"Unaona," akasema. "Hamna."

Nikaangalia tena. "Mzee, inawaka."

"Wapi?"

Safari hii hakuuliza kimwalimu. Ndipo nikaelewa yale maswali yake yote.

Dafina akakunja taulo kavu mkononi, akachomoa plagi. Halafu akamtazama Evstati usoni.

"Tangu lini?"

"Tangu msimu wa baridi." Alikuwa anaipangusa testa kwenye shati, ingawa haikuwa na kitu. "Daktari kasema mtoto wa jicho. Yote mawili. Ndani ya nyumba naona. Ila vitu vidogo, kama naangalia kupitia mfuko wa nailoni."

"Na hukusema."

"Niseme niitwe nani? Fundi umeme kipofu? Mwenzio nilikuwa nauliza. Nikiuliza najibiwa, kazi inakwenda. Sikuwahi kukosea nikiuliza."

"Jana ulimuuliza nani? Mimi nilikuwa jikoni na hoho."

Evstati akaendelea kuipangusa testa.

"Ungeniua, Evstati," Dafina akasema, tena polepole, kama mtu anayekuambia umesahau kofia. Ingekuwa afadhali angepiga kelele.

"Najua."

Nikaanza kupanga hoho za kreti nililoleta, nyekundu huku, zilizopasuka huku, kazi ambayo hakuna aliyeniomba. Evstati alikuwa amesimama ameshika ukingo wa balkoni. Midomo inachezacheza. Nikadhani analia, kumbe anahesabu nyumba.

"Wiki hii nimeingia kwa nani mwingine?" akaniuliza. "Kwa Milena. Boila la umeme la bafuni. Alisema maji yanamtekenya. Nikagusa bomba kwa testa, nikamwambia ni salama."

Milena yuko ghorofa ya tano, ana mtoto mchanga.

"Alikuwepo, ukamuuliza?" Dafina akasema.

"Mtoto alikuwa analia. Alikuwa naye chumbani." Akageuka. "Anamwogesha saa ngapi?"

"Akimaliza kunyonya. Saa hizi hizi." Dafina alishasimama. "Unakwenda na macho gani?"

"Nakwenda kuzima swichi ya nyumba yake pale kwenye ngazi. Hiyo naijua kwa mkono."

Akatumbukiza testa mfukoni, akajigonga kwenye kreti, akatoka. Alikuwa hajafika hata ghorofa ya nne tukamsikia anaita, Milena, Milena, usifungue maji.