Mmea Usioita Mtu

Turubai lilipasuka katikati ya mvua, na Bi Nhàn hakulisikitikia hata kidogo. Lilikuwa limefunika uwanja wa nyuma tangu enzi mumewe alipokuwa akitengeneza injini za boti pale ukingoni mwa mfereji, na mwishoni lilikuwa na matundu mengi kuliko kitambaa. Zilibaki nguzo nne za zege na mabomba ya chuma yaliyopishana juu. Chini ya mabomba hayo ndipo mumewe huyo, Mzee Khải, alipotundika bembea yake ya wavu, na hapo ndipo aliposhinda tangu presha ya macho ilipomnyang'anya kazi.

Binti yao Trâm alipiga simu kutoka mjini. "Mama, weka bati la plastiki, mambo yaishe."

"Baba yako anasema mvua ikipiga bati hasikii hata redio. Nitapanda mmea wa kutambaa."

"Na nani atauhudumia?"

Hilo lilikuwa swali la haki. Bi Nhàn alikuwa na dawa za macho za kumtilia mzee asubuhi na jioni, alikuwa na nguo, jiko, na kifundo cha mkono kilichochoka baada ya miaka mingi ya kuchota supu ya tambi kwa ajili ya wateja. Akamjibu mwanawe, "Nataka mmea usioniita. Nikishaupanda, uendelee na maisha yake, nami niendelee na yangu."

Shida ni kwamba mimea hakuijua. Aliijua ile inayoingia chunguni tu. Basi akaanza kuchungulia nyua za watu, na kadiri alivyochungulia ndivyo hamu ilivyomzidi. Kwa nini huu umekwenda juu na ule umelala? Kwa nini huu umejaa majani chini lakini juu ni kipara? Watu waliacha kufagia wakaja kumweleza, na kila mmoja aliusifia wake. Utapendeza, walisema. Rangi yake utaipenda. Ukiwa na wageni wataupiga picha.

Alikuwa njiani akirudi nyumbani alipong'amua kuwa sifa zote hizo ni za macho. Na atakayelala chini ya mmea huo siku nzima ni mtu asiyeona.

Kesho yake akaenda kwa jirani yake Bi Sáu, akavuta kigoda chini ya bogenvilia lake, akavua skafu shingoni na kujifunga machoni. Bi Sáu alitoka na beseni la mboga akasimama.

"Dada Nhàn, umeugua? Au ndiyo unacheza kombolela uzeeni?"

"Nyamaza kidogo. Nataka nijue mti wako unafanya nini."

"Mti unafanya nini? Umesimama. Mimi ndiye ninayefanya, naufagilia kila siku na kuukata miiba."

"Basi acha nisikilize."

Bi Sáu akakaa naye, maana hakutaka kupitwa. Bogenvilia halikunukia chochote, lakini maua makavu yalikimbizana sakafuni kwa sauti kama ya karatasi, na sauti hiyo Bi Nhàn aliipenda. Miiba hakuipenda. Mzee Khải alikuwa na tabia ya kupapasa.

Chini ya madodoki ya fundi baiskeli alikuta manyuki makubwa meusi yakinguruma asubuhi nzima, naye akacheka peke yake gizani, kwani yalilia kama injini ndogo iliyokataa kuwaka. Lakini madodoki yanataka kupandwa upya kila msimu. Kwa mwalimu mstaafu wa mtaa wa pili kulikuwa na mmea wa thiên lý, ule ambao vishada vyake vya kijani hukaangwa na nyama ya ng'ombe. Harufu yake ilikuja taratibu jua likizama, tamu bila kukera. Mwalimu akamwambia ukweli: ukatwe mara moja kwa mwaka tu, basi. Bi Nhàn akavua skafu akiamini kazi imekwisha. Akaomba kipande cha shina, akakifunga kwa gazeti lililoloweshwa.

Nyumbani alimsimulia mumewe yote, pamoja na jinsi Bi Sáu naye alivyoishia kufumba macho. Mzee Khải alicheka mpaka bembea ikayumba. Kisha akauliza, "Majani yake yamebanana?"

"Sana. Kivuli chake ni kama chumbani."

Akaizuia bembea kwa mguu. Bi Nhàn aliijua ishara hiyo. Ilikuwa ya mtu aliyeletewa chakula asichokitaka.

"Sema, Baba Trâm."

"Umezunguka mtaa mzima kuuliza, Mama Trâm. Mimi hujaniuliza."

"Ningekuuliza nini? Huoni."

"Sioni uso wako. Jua naliona." Akainua mkono akausogeza mbele ya macho. "Kuna weupe na kuna weusi. Turubai lilipochakaa, weupe ulikuwa unapita kwenye yale matundu, unatoka mguuni asubuhi, mchana uko kifuani. Ndiyo saa yangu. Ukinifunika kabisa nitakuwa nimelala usiku na mchana."

Bi Nhàn alikaa chini. Miaka yote ya kumtilia dawa alikuwa akidhani mle ndani kumeshakuwa giza tupu, na hakuwahi kuuliza kwa kuogopa jibu.

"Mbona hukusema?"

"Nilidhani unajua."

Akamuuliza basi, na safari hii aliuliza kama alivyowauliza watu wa mtaani, bila kuchoka. Weupe huo una rangi? Mtu akipita unamjua? Taa je? Mzee alimjibu moja moja, na wali ukaungua jikoni.

Mmea aliupata mahali ambapo hakuna aliyeupanda: kwenye uzio wa wavu wa kiwanda cha kukoboa mpunga kilichofungwa. Ulikuwa ule mkunde wa maua ya buluu ambayo watu hukausha kwa chai. Haukuwa na mwenyewe wala wa kuumwagilia maji. Vijani vyake vilikuwa vidogo, na jua lilipenya katikati yao likamwangukia viganjani. Alichuma maganda makavu ya mbegu akarudi nayo mfukoni. Kile kipande cha thiên lý alikipanda pembeni kabisa, kwenye nguzo ya jikoni, kwa ajili ya chungu.

Kufikia Tết, sikukuu ya mwaka mpya, mikunde ilikuwa imeshavuka mabomba. Kiangazi kilipokolea, maganda yalipasuka yenyewe kwa mlio mdogo mkavu, mbegu zikaruka zikaota zilipotaka, nyingine kwenye uzio wa Bi Sáu, aliyekuja kulalamika akaondoka na bakuli la maua ya kutia rangi wali wa kunata.

Trâm alipokuja likizo alitazama juu, akakunja uso. "Mama, mbona kivuli chenyewe kina matundu hivi?"

"Mama yako mvivu," alisema Mzee Khải kutoka kwenye bembea.

"Kweli," alisema Bi Nhàn, akaendelea kuchambua maua.