Sauti Chini ya Shuka

Ukimwambia Marehemu apunguze sukari kwenye chai, anakuuliza, "Hii itaniua mara ya ngapi?" Ndilo jina letu kwake, na analiitikia. Katika tamthilia yetu ya polisi yeye ndiye maiti. Kila wiki anauawa mtu mpya, na anayelala chini ya shuka ni yeye yule, maana uso hauonyeshwi. Amekuwa mfanyabiashara, amekuwa mwalimu mkuu, na safari moja alikuwa mama mkwe wa mtu. Siku hiyo walimnyoa miguu, akanuna mpaka jioni.

Kabla ya hapo alikuwa fundi bomba, miaka thelathini. Mtu aliyezoea kulala chali chini ya masinki ya watu, maji yakimdondokea shingoni, hasumbuliwi na sakafu ya studio. Kifua chake hakipandi wala hakishuki. Mkewe, Mungu amlaze pema, alikuwa akimtikisa kila alfajiri kuhakikisha kama bado yupo.

Wapelelezi tuko watatu: mzee wa kitambi anayetembelea mkongojo, dada wa hijabu asiyesahau namba ya gari, na mimi, mwenye ualbino. Wako waliosema eti waigizaji wamekwisha. Waseme, midomo ni yao. Shida yangu ilikuwa nyingine. Mtunzi alimpa mpelelezi wangu macho makali, haponyokwi na unywele zuliani, na mimi zile taa zikiwashwa hata hilo zulia silioni. Sikumwambia mtu. Nafasi ile niliisubiri miaka tisa, nikaogopa kuambiwa, "Si tulijua tu."

Sakafuni hubandikwa vipande vya utepe, mwigizaji asimame hapo hapo, la sivyo kamera inamkosa. Siku ya kwanza nilikosa utepe mara nne. Mwongozaji wetu, mama asiyejua kunong'ona, akasema, "Kesho ukikosa tena, nampa mwingine." Nilienda kulia chooni.

Kesho yake nikaingia roho mkononi. Viatu vyangu vilipoanza kugonga sakafu, nikasikia kutoka chini ya shuka, "Mbili mbele. Kushoto kidogo. Hapo hapo, mwanangu." Nikasimama, nikasema maneno yangu. Mwongozaji akasema safi.

Nilimfuata Marehemu kwenye birika la chai. "Ulijuaje, baba?"

"Viatu vyako vinauliza njia," akasema. "Nimesikiliza mabomba ndani ya kuta maisha yangu yote, nishindwe na viatu? Na utepe nauona ukibandikwa kabla sijafunikwa."

Hakuuliza zaidi, wala hakumwambia mtu. Tukaenda hivyo vipindi kumi na kimoja, na sifa nikazipokea mimi peke yangu.

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Kipindi cha kumi na mbili nilivalishwa raba, na raba hazina mlio wa kuufunika mnong'ono. Marehemu akanong'ona kama kawaida. Fundi sauti akavua hedifoni zake, akasema, "Jamani, maiti anaongea."

Watu wakacheka. Mwongozaji hakucheka, kwani tukio lile tulikuwa tumelirudia mara tano. Marehemu akaketi, shuka begani. "Ni mimi, mama. Nilisinzia, nikaota."

"Kazi yako ni kulala tu, na hiyo nayo imekushinda? Chukua vitu vyako uende."

Nasema ukweli wangu: nilisimama kwenye utepe alionitafutia mwenyewe, nikamwacha akunje shuka, avae shati, ainame afunge kamba za viatu. Hakunitazama hata mara moja, asije akanifichua. Hilo ndilo lililonishinda.

"Sioni," nikasema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka. "Taa zikiwaka sioni alama. Huyu baba ndiye ananiongoza tangu siku ya pili. Kama kuna wa kuondoka, ni mimi."

Mwongozaji akanitazama, akamtazama Marehemu, akanirudia mimi. "Vipindi vyote hivyo? Na mimi nina macho mawili mazima?" Akavuta kiti, akakaa. Kisha akamwita seremala apigilie vibanzi vyembamba sakafuni, nivihisi kwa soli. Mtunzi akaambiwa aachane na macho makali. Mpelelezi wangu sasa asome karatasi imegusa pua, kama ninavyosoma nyumbani. "Ungesema siku ya kwanza," akaniambia. Halafu akamgeukia Marehemu. "Na wewe rudi ufe, tunachelewa."

"Nilikuwa nimeshafunga kamba," Marehemu akanung'unika, akaanza kuzifungua.

Leo watu wananisimamisha barabarani kunipongeza. Nafurahi, sitaki uongo. Lakini najua nilichelewa siku ile, na yeye hajawahi kunikumbushia. Siku ile ile, kabla taa hazijawashwa tena, nilimfunika shuka mimi mwenyewe, nikapiga magoti, nikasema mbele ya wote, "Asante, baba."

Hakujibu. Alikuwa kazini.