Mtu Aliyeharibu Picha

Nyumba nzima ilikuwa na kona moja tu ya kupigia picha. Ilikuwa pale sebuleni, kati ya dirisha na kabati, mahali ambapo ukuta ulikuwa bado haujachorwachorwa na mwanga wa asubuhi uliingia bila kuombwa. Kila siku, chai yake ikipoa mezani, mama mtu alivuta kiti hadi kwenye kona hiyo, akalisukuma beseni la nguo kwa mguu mpaka lipotelee nyuma ya kochi, akampangusa mtoto kamasi, akamsimamisha, kisha akarudi nyuma kidogo na kuinua simu.

Mtoto alikuwa ameshaijua kazi yake. Hata miaka miwili hajaifikisha, lakini simu ikiinuliwa alinyamaza kulia, akaweka mikono nyuma, akatoa tumbo na kukaza macho kama mtu aliyekuja kukagua hesabu. Simu ikishushwa, alikiendeleza kilio pale pale alipokiachia. Kwa mkao huo wanaume wa kambini wakambandika jina la Meneja, nalo likanasa, hata bibi yake mzaa baba akaacha kumwita kwa jina alilompa mwenyewe.

Kambi yenyewe ilikuwa ya mgodini, alikofanya kazi baba yake Meneja, fundi wa pampu za maji, safari ya kutwa nzima kutoka nyumbani. Mtandao wa kule ulikuwa wa kubahatisha. Ulishika kwenye bwalo la chakula tu, tena ukikaa upande wa dirishani. Basi asubuhi, kabla ya kuteremka shimoni, baba mtu alikaa na kikombe chake akisubiri picha ifunguke, wenzake wakichungulia begani kwake waone leo Meneja kavaa nini. Mwanamume huyo hakuwa mbaya. Tuseme hivyo mapema, maana kuna wasomaji wanaomtafuta mbaya tangu mstari wa kwanza. Alimpenda mwanawe, alituma matumizi bila kukumbushwa, na picha ile ya asubuhi ndiyo iliyomshusha shimoni akiwa na moyo. Ila mtu anaweza kuwa mwema na bado akakukalia kifuani.

Picha zilizokwenda kambini zilikwenda pia kwa mama mkwe, naye macho yake yalianzia pembeni. Kwanza alitazama pazia, kisha sakafu, mtoto akamweka mwisho. Siku moja ulitokea mkono umeshika kijiko, kucha zake zimekatikakatika kwa kufua. Mama mkwe akatuma ujumbe wa sauti, mpole kabisa, akiuliza kama siku hizi mkwewe analima. Tangu hapo mama yake Meneja alikata kila picha kabla ya kuituma: kidole, kiwiko, pindo la gauni, kivuli. Na simu ilipojaa ikakataa kupiga tena, alianza kufuta. Za Meneja hazikufutika, kila moja ilikuwa na mtu wake. Akafuta zake mwenyewe. Kuna moja ilimuuma. Alikuwa amesimama na wenzake mbele ya mashine, wote na makoti meupe, yeye kainua lenzi kwenye taa, jicho moja kalifumba.

Maana kabla ya kuwa Mama Meneja alikuwa Jicho. Alifanya kazi chumba cha nyuma cha duka la miwani, akisaga lenzi mpaka zikae sawasawa kwenye fremu za wateja. Jina alilipata kwa mwenye duka, mwanamke mnene wa maneno machache ambaye wote walimwita Mama Fremu, aliyesema msichana huyu anaona mkwaruzo kwenye lenzi wakati wengine bado wanatafuta mahali pa kuishikia. Aliipenda kazi ile, hakuna haja ya kupindisha. Alipenda maji yakidondokea gurudumu la kusagia na unga mweupe uliobaki kwenye vidole. Alipenda kuchungulia mlangoni mzee akivaa miwani mipya, akatazama barabarani, akanyamaza.

Mama Fremu alimshikia nafasi yake. Mwanzo ilikuwa likizo ya uzazi, baadaye ikawa kuongeza muda, mwisho ikawa hisani tu. Kisha wiki moja alipiga simu kusema amefika mwisho: lenzi zinarundikana, na kuna binti anaitaka kazi. Jumatatu asubuhi ama Jicho awe kwenye kiti chake, ama kiti kiwe na mtu mwingine.

Mlezi alikuwepo. Bibi wa Chini, mwalimu mstaafu wa chekechea aliyekaa ghorofa ya kwanza, alijitolea mwenyewe, akasema amefundisha mameneja wakubwa kuliko huyo. Kilichobaki ni neno la baba mtu, na neno lenyewe lilikuwa halitoki. Aliambiwa kwa simu, akaambiwa kwa ujumbe, jibu likawa lile lile, tutazungumza nikija, na kuja kwake kulikuwa mbali sana baada ya Jumatatu. Mtu anaweza kuuliza kwa nini asiende tu. Aliwahi kwenda. Alimwacha mtoto kwa Bibi wa Chini nusu siku akaenda dukani kusalimia, mama mkwe akapata habari, na mume akanyamaza. Hakugomba, hakutukana. Alinyamaza wiki nzima, picha zikifunguliwa na kuachwa bila hata neno. Kimya kile kilimtisha mama yake Meneja kuliko matusi, na aliapa asikione tena.

Ijumaa akapiga moyo konde, akampigia tena. Alieleza yote, kiti, binti, Jumatatu. Mume alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama Meneja, mbona mko vizuri?" alisema. "Kila siku naona picha. Mtoto anacheka, nyumba inang'aa. Unataka ukahangaike ili iweje?"

Aliposhusha simu aliitazama ile kona, kiti bado kipo, pazia bado limenyooshwa. Ndipo ilipomwingia. Hakuna aliyemjengea nyumba hii ila yeye. Alikuwa ameijenga picha kwa picha, nzuri kiasi kwamba hakuna mwenye akili timamu ambaye angemwelewa akitaka kuitoka. Alijichukia siku nzima.

Kesho yake akaamua kuutuma ukweli. Hakuvuta kiti wala hakuficha beseni. Alimpiga Meneja picha kama alivyokuwa, bakuli la uji limemkaa kichwani, uji unatiririka masikioni. Akapiga ukuta wa ukumbini uliochorwa kwa mafuta ya kupaka. Akampiga akilia sakafuni, kinywa wazi mpaka koromeo. Akatuma zote bila kukata chochote, akakaa kusubiri.

Bwalo zima lilicheka mpaka watu wakachelewa shimoni. Ile ya uji baba mtu akaiweka kwenye uso wa simu yake, na mpishi wa kambi naye akaomba atumiwe. Mama mkwe akasema huyo ni baba yake mtupu, utundu ule ule. Tatizo ni kwamba mtoto alikuwa mzuri mno. Ungemmwagia takataka za mtaa mzima, zingempendeza. Nani angeufuta ukuta, nani angeosha zile nywele, hilo halikumpitia mtu kichwani.

Jumapili alitoka roshani kuanika nguo. Ilikuwa roshani ya kutosha kamba moja na mtu mmoja, tena huyo mtu ajibane. Mlango wake ulikuwa wa kioo, na kwa ndani ulikuwa na komeo alilolipachika fundi chini kabisa, kimo cha goti, kwa sababu anazozijua mwenyewe. Meneja alikuwa akilinyemelea komeo lile siku nyingi. Mama mtu alisikia chuma kikigonga chuma. Kugeuka, mtoto yuko ndani, yeye yuko nje.

Alisukuma mlango. Akachuchumaa, akambembeleza kupitia kioo, vuta baba, vuta hivi, akimwonyesha kwa kidole. Meneja alicheka, akabandika kiganja kwenye kioo kumsalimia. Jikoni maharage yalikuwa motoni. Na hapo alifanya jambo ambalo baadaye alishindwa kulieleza: kabla hajaita mtu, mkono wake uliingia mfukoni, ukatoa simu, ukaiinua. Meneja alipoiona akanyooka, akaweka mikono nyuma na kutoa tumbo. Akampiga picha.

Ndipo akainama juu ya ukuta wa roshani na kumwita Bibi wa Chini kwa sauti yote aliyokuwa nayo.

Bibi aliitika, lakini magoti yake yalikuwa mabovu na ngazi hazikuwa chache. Mama yake Meneja alibaki amesimama kati ya mashuka mabichi, akisikia harufu ya maharage yanaanza kushika chini, akitazama sebule yake kutokea nje. Hakuwahi kuiona hivyo. Kiti kilikuwa mahali pake, mwanga ulikuwa mahali pake, mtoto mnene wa afya alikuwa katikati. Hata yeye, kama angekuwa mgodini, angesema mko vizuri. Akalia waziwazi, bila kujifuta, na Meneja alipoona hivyo akalia naye upande wa pili wa kioo.

Mlango wa mbele ulikuwa umerudishwa tu. Bibi wa Chini aliingia akihema, akazima jiko kwanza, kisha akainama kwa taabu na kuvuta komeo. Alipoinuka aliiona simu.

"Umefungiwa nje, mwanangu, sufuria inaungua," alisema, "na wewe unapiga picha?"

Hakuwa akimcheka. Mama yake Meneja aliirudisha simu mfukoni, akamwinua mtoto.

Picha ya siku haikuwa imekwenda, kwa hiyo jioni aliituma hiyo hiyo. Hakuikata. Pengine alichoka, pengine alisahau, hata mwenyewe hakujua. Hazikupita dakika nyingi mume akapiga, na haikuwa kawaida yake kupiga saa ile.

"Picha nzuri," alisema, sauti kavu. "Ila kuna mtu ametokea kwenye kioo, ameiharibu. Ni nani huyo yuko nyumbani kwangu?"

Mama yake Meneja aliifungua picha. Kwenye kioo, juu kidogo ya kichwa cha mtoto, kulikuwa na uso. Ulikuwa na kitambaa kilichofungwa ovyo, mashavu yaliyoingia ndani, na macho ya mtu anayetafuta pa kutokea. Aliuchunguza kwa utulivu, kama alivyokuwa akichunguza lenzi.

"Ni mimi," alisema.

Kule bwaloni sahani ziligongana, mtu akacheka mbali.

"Wewe?"

"Mimi. Mtoto alinifungia nje."

Mume alipojibu, ukavu ulikuwa umeondoka. "Sikukujua," alisema. "Umekuwa hivyo tangu lini?"

"Siku zote nipo kwenye hizo picha, Baba Meneja. Huwa najikata kabla sijatuma."

Kimya kikaingia tena, kile kile alichokuwa akikiogopa. Alikisikia kikianza kukua, lakini safari hii hakukingoja kifike mwisho. Alisema kwamba kesho anakwenda kazini na mtoto atakaa kwa Bibi wa Chini. Hakuomba. Mume hakusema ndiyo, wala hakusema hapana. Baada ya muda aliuliza, kwa unyonge ambao mkewe hakuwahi kuusikia kwake:

"Na picha ya asubuhi?"

Alimwambia itakuja, akakata simu. Hakujua kama amejinunulia wiki nyingine ya kununiwa, au mwezi. Mama mkwe angejua kabla ya chakula cha mchana, hilo alikuwa na hakika nalo.

Jumatatu kiti kilikuwa bado chake. Mama Fremu alimrushia koti jeupe bila hotuba, akamwonyesha rundo la fremu kwa kidevu. Mikono ilisitasita kidogo kwenye mashine, ikakumbuka. Wenzake walimwita Jicho, na mara ya kwanza hakuitika, alidhani wanamwita mtu mwingine.

Saa ya mapumziko simu ilitetema. Ilikuwa picha kutoka kwa Bibi wa Chini, ambaye alikuwa amefundishwa kupiga asubuhi ile mlangoni. Ilikuwa mbaya kwelikweli. Imepinda, mwanga wa dirisha umeunguza nusu yake, na Meneja hakuwa na paji la uso, ila mikono ilikuwa nyuma na tumbo lilikuwa mbele. Jicho aliangua kicheko peke yake. Akaituma kambini kama ilivyokuja. Kule nako ilikuwa saa ya kula bwaloni; alama ya kwamba imefunguliwa ikatokea, akangoja, na jibu halikuja.

Alikuwa anairudisha simu mfukoni aliposita. Akaifungua picha tena, akaikuza, akapita pembeni pole pole. Chini kwenye kona kulikuwa na kidole gumba, cha kizee, kimeziba goti la mtoto. Alikitazama muda mrefu kuliko alivyomtazama mtoto. Kisha akapiga simu.

"Yuko salama, amekula, amelala kidogo akaamka," Bibi wa Chini alianza kabla hata ya kusalimiwa, upesi upesi, akijitetea.

"Simuulizii yeye, bibi," alisema Jicho. "Wewe je, umepata chai?"