Nilitia Mupaka mu Sahani

Batu ya Mungu, kosa ni ya mimi, musitafute mwengine. Mucheke kwanza, kisha musikilize.

Niko mulimaji wa maharagi hapa Burungu. Masomo sina, lakini telefone niko nayo! Siku moja nikaona mule Mujapani na muti ya miaka mia, urefu sawa chupa ya bia, iko mu sahani. Banaita bonzai. Eh! Roho ikaniruka!

Kati ya shamba yangu na ya jirani yangu, Papa Furaha, tulikuwa tumepanda kamuti kamoja ka muvumu, alama ya mupaka. Shina nene, imejikunja kama mulevi anatoka soko. Nikasema: hii njo bonzai! Nikaing'oa. Ya mupaka nitapanda ingine kesho. Kesho gani? Mpaka leo!

Nikakata muzizi mukubwa. Nikatosha matawi na wembe, kata, kata, mpaka ikabakia tatu. Shina nikaifunga waya ya redio ya kufa, matawi nikatundikia majiwe ili ishuke. Nikaitia mu sahani ya bibi yangu wa ndoa, ile ya bageni. Batu balitoka mpaka Walikale kuiangalia, balipanga mustari hadi barabara! (Sawa, balikuwa bane.)

Siku ya kupanda maharagi, Papa Furaha akaniuliza: «Kaka, muti yetu iko wapi?»

Nikajibu bila haya: «Mbuzi ilikula.»

«Na muzizi pia? Ile mbuzi ilikuwa na jembe?»

Akaenda kuita shefu wa kijiji. Shefu akakuja, mvua ikatuingiza mu salo ya nyumba yangu. Yesu wangu! Papa Furaha akaona sahani ku meza. Akainama. Akacheka mpaka akashika ukuta.

«Shefu, mupaka njo huyu! Amemunyoa, amemufunga pingu! Basi kama mupaka iko mu salo, mi nitalima mpaka chini ya kiti yake!»

Hata bibi yangu akacheka, yule musaliti!

Shefu hakucheka. «Ulitosha alama, tena ulidanganya. Wewe njo utapoteza.» Akapima hatua kumi upande wangu, akasimika muti ingine nyuma ya jikoni. Hatua kumi ya udongo mweusi, ile ilikuwa inatukulisha! Leo bibi yangu akifungua dirisha, anasalimiana na maharagi ya Papa Furaha. Mimi ananipakulia sombe, majani ya muhogo tupu, bila maharagi.

Benzangu, mukitaka kukunja muti, mukunje. Lakini mbele ya kuing'oa, muulize kwanza: hii muti iko inachunga nini hapa?