Thadeo wa Tangazo la Sabuni

Alfonce alikula mkate wake kwa kusifia sabuni. Kiwanda kidogo cha Musoma kilimpa meza na taipureta mbovu, naye akaandika maneno yaliyosomwa kwenye kipaza sauti cha gari la matangazo, kuanzia Butiama na Bunda mpaka Kibara, mwaloni wanakotia nanga wavuvi wa ziwani. Lakini kila alfajiri, kabla ya kwenda kazini, aliandika kitabu chake. Alikuwa amefika daftari la tatu, na hakuna aliyemwuliza kitaisha lini.

Kitabu chenyewe kilimhusu mama yake, Dorotea. Mwaka wa Uhuru, Thadeo, mdogo wake Alfonce, alikwenda kuvua kisiwani Rukuba, mtumbwi ukarudi bila yeye. Mwili haukuonekana. Tangu hapo mama, kule Kibara, alifua shati la Thadeo kila Jumamosi, ili siku akitokea alikute safi. Alfonce alipomwomba ruhusa ya kuandika habari hizo, alikubali.

"Ila uandike kama ilivyo," alisema. "Usiniongezee."

Mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha, sabuni ikadoda. Meneja Stanislausi, mtu wa tai nyembamba na haraka nyingi, akazitupa karatasi za Alfonce mezani.

"Sabuni bora, sabuni bora! Nani hajayasikia haya? Watu wanataka stori, bwana. Niletee stori kesho, la sivyo wanaoitaka kazi yako wapo."

Hapo ndipo Alfonce alipojidanganya kisomi. Alijiambia kuwa hadithi ni yake, na kwamba afadhali isikike sokoni kuliko kuozea daftarini. Uongo mtupu. Aliogopa kufukuzwa kazi, basi. Akanyofoa ukurasa wa kwanza wa kitabu chake. Jina hakulibadilisha, maana kila jina jingine alilojaribu lilisikika la bandia. Mwisho tu ndio haukufaa, kwani nani atanunua sabuni ya mtu aliyezama? Akamrudisha.

"Thadeo aliyepotea Rukuba amerudi kwao Kibara! Na shati lake amelikuta jeupe, kwa sababu mama yake..."

Stanislausi alicheka kwa furaha, akampandisha cheo siku ile ile.

Alichosahau Alfonce, tena yeye mzaliwa wa Kibara, ni kwamba gari hilo hilo ndilo lililotangaza mikutano ya chama, chanjo za ng'ombe na watu waliopotea wakaonekana. Kwa watu wa mwaloni, kilichotoka kwenye kipaza sauti kile kilikuwa habari. Serikali iliishia wapi na sabuni ikaanzia wapi, hakuna aliyewahi kuwaeleza.

Dereva Werema alirudi Musoma akijisifu. "Kule kwenu wanawake walipiga vigelegele mpaka mimi sisikiki! Walikimbia hata sabuni hawajanunua."

Kesho yake Alfonce alipanda basi hadi Bunda, kisha lori la pamba hadi Kibara. Mlangoni kwa mama yake alikutana na jirani, Jeska, amebeba ungo mtupu.

"Wewe msomi, umetufanyia nini?" Jeska alimwuliza bila salamu. "Tulikuja na unga na kuku kumpokea Thadeo. Mama yako ametuambia mmoja mmoja kwamba hajafika. Mmoja mmoja, Alfonce!"

Mama alikuwa ameketi ndani. Alfonce alipiga magoti akaeleza yote: meneja, kazi, hofu yake. Mama alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Nisamehe, mama."

"Unaandikaga vizuri, mwanangu," Dorotea alisema. "Mimi sikusikia ya sabuni. Nilisikia jina tu, nikakimbia nyumbani. Nikasonga ugali wa watu wawili, nikakaa naungoja mlango mpaka ugali ukapoa."